Makosa ya Diski: Historia ya Kile Ambacho Kompyuta Yako Kuukuu Haikuambii

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu. Tufungue sipiyu tuangalie kile kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa skrubu nne. Ndiyo, diski ngumu.

Swali ninaloulizwa mara nyingi hapa Uthiru na majirani wenye kompyuta za mezani za zamani ni hili: "Mashine inaniambia diski ina makosa, nifanyeje?" Na jibu ambalo karibu kila mtu huwa ameshapewa kabla ya kunifikia ni: "Endesha CHKDSK." Jibu hilo si baya kila mara, lakini likija kabla ya wakati wake linaweza kuharibu kile ambacho bado kingeokolewa. Ili uelewe kwa nini, haitoshi kukariri amri. Inabidi ujue historia ya chombo chenyewe.

Nitasema hoja yangu mapema ili tusipotezane njiani. Hakuna diski ngumu iliyowahi kuwa bila makosa. Kilichobadilika katika miaka hii karibu 70 ni nani anayeyashughulikia makosa hayo: kwanza alikuwa binadamu mwenye karatasi mkononi, baadaye ikawa diski yenyewe, kimyakimya. Kwa hivyo kosa likifika kwenye skrini yako, usidhani ni kosa la kwanza. Ni la kwanza kushindwa kufichwa. Na hapo ndipo kazi yako inapoanza.

Tani moja kwa megabaiti zisizofika nne

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitangazwa na IBM mwezi Septemba 1956. Ilikuwa kazi ya maabara yao ya San Jose, California, chini ya uongozi wa Reynold Johnson, na iliuzwa kama sehemu ya kompyuta iliyoitwa 305 RAMAC. Ndani yake mlikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika. Uzito wake ulikuwa kama tani moja. Na yote hayo kwa ajili ya herufi milioni 5, ambazo kwa hesabu ya leo hazifiki megabaiti 4. Picha moja ya simu nzuri ingeijaza!

Shida kubwa ya wahandisi wale ilikuwa hii: kichwa cha kusomea lazima kiwe karibu sana na sahani, lakini kisiiguse. RAMAC ilitumia hewa iliyobanwa na kompresa kukisukuma kichwa kisigonge. Mwaka wa 1961 IBM ikatoa diski ya 1301 ambayo vichwa vyake vilielea vyenyewe, vikibebwa na upepo unaoletwa na sahani inapozunguka. Kisha 1973 ikaja 3340, iliyopewa jina la utani la Winchester, kama ile bunduki. Hii iliweka vichwa na sahani pamoja ndani ya kifuniko kimoja, na vichwa vyake vyepesi viliruhusiwa kutua juu ya sahani iliyopakwa kilainishi pale mashine inapozimwa.

Kuelea, kufungwa ndani, kutua. Mtindo huo wa 1973 ndio uliomo ndani ya kompyuta nyingi za mezani zilizotengenezwa miaka 30 baadaye, isipokuwa kila kitu kimepunguzwa ukubwa mno. Katika diski ya miaka ya 2000 kichwa kinaelea kwa kimo ambacho ni maelfu ya mara kidogo kuliko unene wa unywele wako. Chembe moja ya vumbi kwake ni jabali.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa nyanda za juu. Kichwa kinabebwa na hewa, na hewa ya Uthiru si ile ya Mombasa. Tuko kwenye kimo cha takriban mita 1,800, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu karibu moja kwa tano kuliko ufuoni. Je, ndiyo sababu diski zetu zinaharibika? La. Watengenezaji wengi huandika kwamba diski zao hufanya kazi hadi mita 3,048, yaani futi 10,000. Hata ukienda Timboroa uko salama. Kileleni mwa Mlima Kenya, mita 5,199, hapo ndipo hali ingekuwa nyingine. Kwa hivyo tusiilaumu milima. Lakini elewa kwa nini diski ya kawaida ina kitundu kidogo chenye kichujio na maandishi ya kukuonya usikizibe: diski ile inapumua hewa ya mahali ilipo. Usikibandike stika ya duka.

Enzi ya orodha ya karatasi

Sasa turudi kwa makosa. Mwaka wa 1980 kampuni ya Seagate ilitoa ST-506, diski ya inchi 5.25 iliyobeba megabaiti 5 na kuuzwa dola 1,500. Mwezi Machi 1983 IBM ikatoa kompyuta ya XT yenye diski ya megabaiti 10 ndani yake. Kuanzia hapo diski ngumu ikawa kitu cha mezani ofisini na si cha chumba maalumu chenye mafundi waliovaa makoti meupe.

Diski nyingi za wakati ule zilikuja na kitu ambacho leo kingemshtua mnunuzi: orodha ya mahali pabovu, iliyobandikwa juu ya diski yenyewe. Kiwandani walikuwa wameipima, wakaona sehemu fulani hazishiki sumaku vizuri, na badala ya kuitupa diski wakaandika namba za sehemu hizo kwenye karatasi. Hakuna aliyeona aibu. Kupaka sahani nzima utando wa sumaku bila doa hata moja ilikuwa kazi isiyowezekana kwa bei ambayo mtu angelipa.

Kazi ya kuziepuka sehemu hizo ilikuwa yako. Uliposakinisha diski, ulifungua programu ya DEBUG na kwa kadi nyingi uliandika g=c800:5 ili kuiita programu iliyokaa ndani ya kadi ya diski. Programu hiyo ilikuuliza namba za sehemu mbovu, nawe ukazichapa moja moja ukisoma kwenye karatasi. Ukikosea namba, siku moja barua ya bosi ingeandikwa juu ya doa.

Nawaeleza haya kwa sababu watu hudhani sekta mbovu ni ugonjwa uliokuja baadaye. Sivyo. Ilikuwepo siku diski ilipotoka kiwandani, na mwenye kompyuta aliijua kwa namba yake.

Diski inajifunza kunyamaza

Mwaka wa 1986 mambo yakabadilika. Compaq, Western Digital na Control Data walileta mtindo ulioitwa IDE: ubongo wa kuendesha diski ukatolewa kwenye kadi ya kompyuta na kuwekwa juu ya diski yenyewe. Mwaka wa 1994 ukawa kiwango rasmi kwa jina la ATA. Ile kebo bapa pana ya kijivu unayoiona ndani ya sipiyu kuukuu ndiyo alama yake.

Faida ilikuwa kubwa. Hukuhitaji tena kuchapa namba. Diski ilijua mabaya yake yenyewe na ilitengewa akiba ya sekta za ziada. Kompyuta ikiomba sekta fulani, diski ingeweza kuisoma kutoka mahali pengine kabisa, na kompyuta isijue. Isitoshe, kila sekta iliandikwa pamoja na namba za hesabu za kusahihisha, kiasi kwamba herufi chache zikisomeka vibaya diski inazirekebisha yenyewe. Hiyo haitokei mara moja moja tu. Kurekebisha ni kazi ya kila siku ya diski.

Sekta ikikataa kabisa kusomeka, diski huijaribu tena na tena. Hapo ndipo mashine "inaganda" na ile taa ndogo ya mbele inawaka bila kuzima. Ikishindwa, huiandika sekta hiyo kwenye orodha ya zinazongoja. Ikija kuandikwa upya na ikashindwa tena, hubadilishwa na moja ya akiba. Akiba ina mwisho.

Unaona basi hasara ya raha hii. Mwenye kompyuta wa 1983 alijua diski yake ina doa wapi. Mwenye kompyuta wa 2003 aliambiwa diski yake ni safi, na akaamini.

Watengenezaji wenyewe waliliona hilo. IBM mwaka wa 1992, na Compaq mwaka wa 1995, walianza kuzipa diski uwezo wa kutoa taarifa za afya zao. Kutoka hapo ukazaliwa utaratibu unaoitwa SMART: diski inaweka daftari la ndani la hesabu mbalimbali, na programu inaweza kulisoma. Namba nne ndizo za kukumbuka:

Namba 5: sekta ambazo zimeshabadilishwa na za akiba.
Namba 197: sekta zinazongoja, hazijulikani kama zitapona.
Namba 198: sekta zilizoshindikana wakati diski ilipojipima.
Namba 199: makosa ya njiani kati ya diski na kompyuta. Hii mara nyingi ni kebo, si diski!

Je, daftari hilo linaaminika? Mwaka wa 2007 watafiti watatu wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa zikifanya kazi kwenye mitambo yao. Waligundua mambo mawili ambayo yanafaa kubandikwa ukutani kwa kila fundi. Kwanza, diski ikishapata kosa lake la kwanza katika kupimwa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 zaidi ya ule wa diski isiyo na kosa. Pili, zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili katika hesabu zile nne walizoona zina nguvu zaidi.

Soma tena hayo mawili pamoja. Daftari likisema diski ni mbovu, liamini. Likisema diski ni nzima, usilale.

Jinsi zilivyofika kwetu

Kompyuta nyingi za mezani zinazoendelea kutumika mitaani kwetu hazikununuliwa zikiwa mpya. Zilikuja kama mitumba. Sisi huziita "ex-UK" hata kama zimetoka kwingine. Ofisi ya Ulaya ilizitumia miaka mitatu au minne, ikazibadilisha, zikafungwa kwenye kontena, zikavuka bahari hadi Mombasa, zikapanda lori hadi Nairobi na kuishia kwenye rafu za River Road na Luthuli Avenue. Nyingine zilikuja kwa njia ya misaada. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 2002, lilikuwa likipokea kompyuta zilizotumika, kuzikarabati na kuzipeleka shuleni.

Mimi siwadharau walioziuza. Bila mashine hizo saiba nyingi zisingefunguliwa na wengi wetu tusingegusa kebodi kabla ya chuo kikuu. Lakini tukubali kwamba diski iliyofika hapa ilikuwa tayari imezunguka kwa maelfu ya masaa, ikapigwapigwa bandarini na barabarani, kisha ikaanza maisha ya pili kwenye duka lenye vumbi.

Na stima je! Kizazi cha wazazi wetu kinakumbuka mgao wa umeme wa mwaka wa 2000, wakati ukame ulipokausha mabwawa. Hata baadaye mambo hayakuisha. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru, megawati zaidi ya 180 zikapotea na nchi ikaingia gizani (tumbili mwenyewe alinusurika). Tarehe 25 Agosti 2023 usiku, sehemu kubwa ya nchi ilizimika tena.

Stima inapokatika ghafla diski hupata madhara ya aina mbili, na ni muhimu kuyatenganisha. La kwanza ni la kimwili: vichwa lazima virudi mahali pa kutua haraka. Diski nzuri huvirudisha kwa kutumia nguvu ya mzunguko uliobaki, lakini kila mara ni mkwaruzo mmoja zaidi. La pili ni la kimaandishi: faili lilikuwa katikati ya kuandikwa, na sasa orodha ya mafaili inasema kitu kimoja huku yaliyomo yakisema kingine. Mfumo wa faili wa FAT ulikuwa dhaifu sana hapa. NTFS, iliyokuja na Windows NT mwaka wa 1993, na ext3 iliyoingia kwenye Linux mwaka wa 2001, huandika kumbukumbu ya kazi kabla ya kuifanya, ili stima ikirudi mfumo ujue uliachia wapi.

CHKDSK hutibu hilo la pili. Hurekebisha orodha. Hilo la kwanza haiwezi kulitibu, na ukiiambia ipime uso wote wa diski mgonjwa, unaikimbiza diski hiyo masaa mengi huku ukiiruhusu ibadilishe maandishi. Ni kama kumwambia mtu aliyevunjika mguu akimbie hadi Kangemi ndipo tujue mguu umevunjika wapi.

Mashine moja karibu na steji ya 87

Nitoe mfano mmoja wa kweli. Kuna mama ana duka la kupiga chapa na fotokopi karibu na steji ya 87. Mashine yake ni Pentium 4 yenye Windows XP (ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014) na diski ya IDE ya gigabaiti 40. Ndani yake kulikuwa na daftari la chama cha akina mama tangu mwaka wa 2006, wakati mimi nilikuwa bado shule ya msingi: michango, mikopo, na hisa za kiwanja walichonunua pamoja. Waanzilishi wawili wameshafariki, na watoto wao wanalitegemea daftari hilo kuonyesha mzazi wao alichanga nini.

Mashine ilikuwa inachukua zaidi ya dakika kumi kuwaka, na kila akifungua faili inaganda. Nilianza kumweleza habari za sekta, akanikatiza.

"Kijana wangu, hayo ya sekta ni yako. Niambie kama hesabu za akina mama ziko."

"Sijui bado, mama. Ila tusiiwashe tena kwa Windows."

Kwa nini nisiiwashe? Kwa sababu Windows ikiwaka tu inaanza kuandika: kumbukumbu, faili za muda, orodha. Niliiwasha kwa CD ya Linux isiyohitaji kusakinishwa, nikasikiliza kwanza. Diski ilizunguka bila kugonga. Ingekuwa inagonga, tak, tak, tak, ningezima palepale, kwa sababu hapo kichwa chenyewe kimeharibika na kila dakika ni hasara.

Kisha nikasoma SMART. Namba 199 ilikuwa sifuri, kwa hivyo kebo haikuwa na hatia. Namba 5 ilikuwa juu, na namba 197 ilikuwa na sekta kadhaa zinazongoja. Picha ikawa wazi: diski ilikuwa imetumia akiba yake kwa miaka bila kumwambia mwenyewe, na sasa ilikuwa inashindwa kuficha. Ule upole wa mashine nao ulikuwa na maelezo. Windows XP ikipata makosa au ucheleweshaji mara sita katika kuwasiliana na diski, huishusha kwenye njia ya zamani ya polepole inayoitwa PIO. Fundi asiyejua hilo atasema kompyuta ina virusi.

Nikaunganisha diski ya nje na kutumia GNU ddrescue, programu huria ya Antonio Díaz Díaz. Nawapenda waandishi wa programu kama hii kwa sababu imeandikwa na mtu aliyeielewa diski mgonjwa. Hainakili kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa ukaidi. Kwanza hukusanya sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi na kuruka zinazosumbua. Ikishamaliza vyepesi ndipo inarudi kwa vigumu, kidogo kidogo. Na wakati wote inaandika ramani ya ilipofika.

Sehemu nzima ziliisha chini ya saa mbili. Zile ngumu zilichukua usiku. Na bila shaka, usiku huo stima ilikatika, na UPS ya dukani ikavumilia dakika chache tu. Lakini ramani ilikuwa kwenye diski ya nje, si kwenye kumbukumbu ya mashine. Asubuhi nikaiwasha na ddrescue ikaendelea pale ilipoachia. Mwisho wa yote, kisichosomeka kilikuwa chini ya megabaiti moja kati ya gigabaiti 40.

Nikatengeneza nakala ya nakala, na ni juu ya hiyo ya pili ndipo nikaendesha CHKDSK. Daftari la chama lilifunguka. Picha chache za mkutano wa zamani zilikuwa nusu kijivu, basi. Mama hakufurahi hadi alipochapisha daftari lote kwenye karatasi, na kwenye mkutano uliofuata kila mwanachama akasoma mstari wake mwenyewe na kuukubali. Nadhani yeye ndiye aliyefanya kazi ya uhakiki vizuri kuliko mimi.

Mpangilio wa kazi

Kutokana na historia hii, mpangilio wangu ni huu:

1. Zima mashine. Usijaribu "mara moja zaidi tu".
2. Iwashe kwa CD au flashi ya Linux, usikilize. Ikigonga, acha. Kama data ina thamani, itafute maabara ya uokoaji. Kama haina, nunua diski nyingine.
3. Soma namba 5, 197, 198 na 199. Kama ni 199 peke yake inayopanda, badilisha kebo. Kwa IDE hakikisha ni ile ya nyaya 80, si ya nyaya 40, la sivyo mwendo wa kasi hautawezekana.
4. Nakili diski nzima kwa ddrescue, na ramani iwe kwenye diski ya nje.
5. Rekebisha mfumo wa faili kwenye nakala. Kamwe si kwenye diski ya asili.
6. Kabla ya kuweka diski mpya, angalia paawasapulai na ubao mkuu. Mashine nyingi za kati ya 1999 na 2007 zilikuwa na kapasita mbovu. Ukiona vichwa vyake vimevimba, umeme unaofika kwenye diski si safi na mpya nayo itaumia.
7. Ukiweka diski kubwa na mashine ikaona gigabaiti 137 tu, usiirudishe dukani. Hiyo ni mipaka ya ATA ya zamani iliyohesabu sekta kwa biti 28. Kiwango cha ATA-6 cha mwaka wa 2002 kilileta biti 48, na Windows XP iliyapokea kuanzia toleo la SP1.
8. Diski ya zamani iweke kando hadi mwenyewe athibitishe nakala. Kisha ifute na uipeleke kwa wanaoshughulikia taka za elektroniki, kama kituo cha WEEE hapa Nairobi. Usiitupe kwenye jaa.

Wengine watasema mambo haya yamepitwa na wakati kwa kuwa sasa kuna SSD. Kwa kweli SSD ni mfichaji hodari zaidi: haina sahani wala kichwa, lakini seli zake huchoka, na ubongo wake huhamisha data kila wakati bila kukuuliza. Haina hata mlio wa kukuonya.

Muongo ulio hatarini

Ukitembea kutoka Luthuli Avenue dakika chache unafika kwenye jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Humo kuna karatasi za enzi za ukoloni ambazo bado zinasomeka kwa macho. Upande wa pili wa historia yetu, kumbukumbu za miaka hii ya karibuni ziko kwenye seva na kwenye simu. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS ziliingia mwaka wa 2009, intaneti ikashuka bei, na polepole tukazoea kuweka nakala mbali na nyumbani.

Kati ya karatasi na nyaya hizo kuna miaka kama kumi ambayo haiko huku wala kule. Ni miaka ambayo vyama, makanisa, shule ndogo, saccos na maduka viliacha daftari vikaanza kuchapa, lakini havikuwa na intaneti ya kutosha kupeleka nakala popote. Kumbukumbu za miaka hiyo ziko kwenye diski za gigabaiti 20, 40 na 80, ndani ya sipiyu zilizowekwa chini ya meza au stoo na kufunikwa gunia. Kila moja inaendelea kuhesabu makosa yake kimyakimya, na nyingine zitasema siku ambayo hakuna la kufanya tena.

Kwa hivyo kama unayo moja, usiiwashe leo kwa udadisi tu kuona kama bado inafanya kazi. Huenda huo ukawa uwasho wake wa mwisho. Iwashe siku ambayo una diski ya nje mezani, CD ya Linux mkononi na jioni nzima ya kungoja.